Kiti cha Kulia

Siku barua ya ajira inapokufikia una leseni ya urubani wa biashara, saa mia mbili na ushei za kuruka, na deni. Mara nyingi deni lenyewe ni la ukoo mzima: kiwanja kimeuzwa, nyumba ya mama imewekwa rehani benki, mjomba aliyeko Muscat ametuma fungu lake. Mafunzo ya urubani, uyapate Nairobi, Afrika Kusini au Marekani, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo kijana anayeajiriwa kwa mara ya kwanza na shirika la ndege la kanda yetu anaingia akisindikizwa na macho mengi, na wote wanaomtazama wanaamini kazi imekwisha. Mtaani wameshaanza kumwita kapteni.

Kazini anaitwa rubani msaidizi aliye mafunzoni, na itapita miezi kadhaa kabla ya hayo maneno mawili ya mwisho kufutwa.

Sura hii ni yake. Ni ya wale wanaokwenda kurusha ndege za pangaboi: ATR za Precision Air, Dash 8 za Air Tanzania, Jambojet na RwandAir, ndege za abiria arobaini na kitu hadi karibu themanini, zinazokwenda Mwanza, Kisumu, Zanzibar au Bujumbura na kugeuza siku hiyohiyo. Vijana wengi huziona kama kituo cha kusubiria jeti. Mimi naona kwamba kazi yake ni nzito kuliko ya jeti, na anayekuja akidhani anapita tu ndiye huanza kutoa jasho mapema.

Tuanze na zile saa mia mbili, maana ndizo mgeni huzihesabu usiku kabla ya kulala. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya biashara hupatikana kwa saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi moja mfululizo iliyoidhinishwa. Ongeza idhini ya kuruka kwa kufuata vyombo na ile ya injini mbili, kisha ufundishwe aina ya ndege yenyewe, na sheria inakuruhusu kukaa kiti cha kulia nyuma yako wakiwa watu sabini. Marekani hairuhusu. Tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria kule anatakiwa awe na leseni ya ngazi ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida inadai saa 1,500. Aliyetoka jeshini hupunguziwa hadi 750, na mwenye shahada ya urubani hadi 1,000.

Sheria hiyo ilitokana na ajali ya Februari 12, 2009. Ndege ya Colgan Air, Dash 8-400 kama hizi tunazopanda sisi, ilikuwa inakwenda Buffalo kutoka Newark ikaangukia nyumba, wakafa watu 50. Linalosahaulika ni kwamba marubani wote wawili walikuwa wameshazipita saa 1,500 zamani. Uchunguzi ulikuta mengine. Ndege ilipotoa onyo kwamba mwendo umepungua mno, kapteni aliuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Wakati wa kushuka walikuwa wakipiga soga zisizohusu kazi. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili awahi zamu, na mshahara wake mdogo ukaja kujadiliwa hadharani. Mkono, mdomo na usingizi. Haya matatu yatakushughulisha zaidi ya namba iliyo kwenye kitabu chako cha saa.

Njia za kufikia kiti hicho ni mbili. Ya kwanza ni ya porini: unaanza na Cessna Caravan, injini moja, abiria kumi na wawili hivi, kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi au Arusha kwenda viwanja vya vumbi vya Mara na Serengeti. Huko wewe ndiye unayepima mabegi, unayewaeleza watalii kwamba kilo 15 ni pamoja na kamera, unayepita chini kwanza kuwafukuza pundamilia njiani kabla hujazunguka tena na kutua. Hakuna wa kumlaumu na hakuna wa kukusaidia. Anayetoka huko akiwa na saa elfu moja huja na mkono mzuri sana na tabia mbaya moja: amezoea kuamua peke yake. Njia ya pili ni ya moja kwa moja, kutoka shuleni hadi ATR. Huyu mkono wake bado, ila hana cha kusahaulishwa. Wakufunzi hubishana bila kikomo nani kati yao ni rahisi kufundisha. Nikilazimishwa kuchagua ningemtanguliza wa porini, lakini simlaumu mkufunzi anayemtaka mwingine.

Usaili haustahili maneno mengi: mtihani wa kuandika, maswali mbele ya meza ya watu watatu au wanne, daktari, pengine kipimo cha kuruka. Kinachostahili maneno ni karatasi utakayowekewa baadaye. Kufundishwa aina ya ndege ni gharama kubwa, na kampuni ikikulipia itataka uhakika kwamba hutaondoka nayo. Marubani huiita bondi. Unakubali kutumikia miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unarudisha fedha iliyobaki. Yenyewe si dhuluma. Dhuluma hukaa kwenye vifungu vidogo: kama deni linapungua kila mwezi au linabaki zima hadi siku ya mwisho, nani anadaiwa ukifeli mtihani, nani anadaiwa kampuni ikikupunguza kazi, na kama mdhamini uliyemwandikisha ni baba yako aliyestaafu. Mpe mwanasheria aisome. Usione haya kuomba siku tatu. Anayekuambia usaini palepale amekupa sababu nzuri ya kutosaini.

Halafu darasa. Utapewa vitabu vya mfumo wa umeme, mafuta, hidroliki, hewa, na cha mbinu za kampuni, kile kinachosema nani anafanya nini, lini, na kwa maneno gani. Kuna mambo ya dharura ambayo lazima uyajue kwa moyo bila kufungua kitabu, neno kwa neno na kwa mpangilio wake. Wenye uzoefu hufanya jambo ambalo jirani akichungulia dirishani atadhani wamerukwa na akili. Wananunua picha ya chumba cha marubani yenye ukubwa wa kweli, wanaibandika ukutani kwenye chumba cha kupanga, wanaweka viti viwili vya plastiki mbele yake, na kila jioni wawili wanakaa na kurusha karatasi. Mkono unagusa swichi iliyochapwa, mdomo unatamka, mwenzake anajibu. Yule wa kushoto anawasha taa za kutua ambazo hazipo. Yule wa kulia anasoma orodha ya ukaguzi. Wakikosea mpangilio wanarudi mwanzo. Inachosha na inaaibisha, na hakuna njia bora kuliko hiyo, kwa sababu simuleta, mashine inayoigiza ndege, hulipiwa kwa saa na hakuna atakayekuvumilia ukiwa ndani yake unatafuta swichi ilipo.

Simuleta yenyewe pengine utaifuata nje: Johannesburg, Addis Ababa, au Ulaya. Zamu moja ni saa nne, mbili wewe unarusha, mbili unamsaidia mwenzako, na kwa kuwa mashine hailali unaweza kupangiwa kuanza saa nane usiku. Sehemu kubwa ya muda huo injini moja haifanyi kazi. Inazimwa pale pabaya kuliko pote, ndege ikiwa imeshapita kasi ya uamuzi, ile iitwayo V1, ambapo huwezi tena kusimama na bado hujaruka. Pua inakimbilia upande wa injini iliyokufa, mguu unasukuma pedali hadi paja linatetemeka, na mkufunzi nyuma yako anaandika kimya. Mara ya kwanza utafanya kila kitu haraka. Itakuchukua siku kadhaa kuelewa kwamba kinachotakiwa ni polepole: shika mwelekeo, inua pua, pandisha magurudumu, panda. Injini iliyokufa itakusubiri, haina pa kwenda.

Baada ya hapo unafika kwenye ndege halisi yenye abiria halisi, kapteni mkufunzi kushoto, na kwa safari za mwanzo rubani mwingine kwenye kiti cha nyuma akikuangalia endapo mambo yatakwenda kombo. Hapa ndipo wengi hushangaa. Walitarajia kuruka. Wanakuta kwamba kuruka ndiyo sehemu rahisi.

Chukua Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Ni kama kilomita sabini. Ndani ya ATR ni dakika ishirini hivi, nyingine chini ya hapo. Kabla abiria hawajapanda umeshaizunguka ndege kwa tochi, umetazama matairi, panga za injini, mafuta chini ya bawa. ATR haina ile injini ndogo ya mkiani ambayo jeti hutumia kupata umeme ikiwa imesimama. Badala yake injini ya kulia inawashwa na pangaboi lake linafungwa kwa breki, ili injini ivume bila panga kuzunguka, taa ziwake na hewa ipoe. Ndiyo maana abiria na mizigo hupitia kushoto. Umesaini mafuta na boza limeondoka. Hati ya mizigo inakuja imebadilika, abiria wawili hawakutokea, unahesabu upya. Mnaondoka. Magurudumu yakipanda tu, mnara unakukabidhi kwa mwongozaji mwingine. Unabadili masafa, unasalimu, unapewa kimo, unakariri. Unasoma orodha ya baada ya kuruka. Unachukua hali ya hewa ya Zanzibar na kuiandika. Kapteni anaeleza jinsi mtakavyotua, wewe unasikiliza na kuthibitisha kwenye chati. Unatazama nje: bahari, jahazi moja, na tayari umeambiwa ushuke. Unakabidhiwa Zanzibar. Mhudumu anataka kujua kama aseme chochote kwa abiria. Orodha ya kukaribia. Flapu. Magurudumu. Orodha ya kutua. Karanga alizopewa abiria wa mstari wa tatu bado hajazimaliza.

Kwa mgeni dakika ishirini hizo hazitoshi. Anajibu redio huku orodha inasubiri, anasoma orodha huku mwongozaji anamwita kwa mara ya pili, na ndege haimsubiri. Mkufunzi mzuri hamfokei. Anamwambia apange kazi akiwa bado chini: chati ziwe wazi, masafa yote yawe yameandikwa kwa mpangilio, hali ya hewa iombwe kabla ya kuruka badala ya baadaye. Mnafika, mnashusha, mnapandisha, mnarudi. Halafu mnafanya tena. Rubani wa jeti anayekwenda Mumbai ana saa nzima za kunywa chai na kurekebisha alichosahau. Wewe huna hata dakika tano, na siku yako inaweza kuwa na safari nne au sita za namna hiyo.

Kama wewe ni mwanamke, jiandae abiria akuombe maji huku mistari yako ya begani inamtazama. Mkenya Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, na bado mtu ataomba maji. Mwelekeze kwa mhudumu na uendelee na kazi.

Sasa mdomo. Jambo hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ni letu kuliko la wengine, na vitabu vya watengenezaji wa ndege hizi wa Toulouse na Toronto havikuandikwa kwa kutufikiria sisi.

Mei 5, 2007, muda mfupi baada ya saa sita usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala huko Kameruni kukiwa na mvua ya radi. Ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko si mbali na uwanja, na wote 114 waliokuwemo walikufa. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Kwa mujibu wa ripoti ya uchunguzi, kapteni alitamka kwamba otopailoti imewashwa, nayo haikuwa imewashwa, wala hakuna aliyethibitisha. Ndege ikaanza kulalia kulia polepole, gizani, bila mtu kuishika. Miongoni mwa sababu ripoti ilitaja kukosekana kwa uratibu kati ya marubani wawili na kutofuata utaratibu wa kufuatilia mwendo wa ndege.

Sitaki kuwahukumu marehemu. Ninachotaka uone ni umri. Kapteni wako anaweza kuwa rika la baba yako. Kama mko Tanzania utamkuta chumba cha marubani saa kumi na moja alfajiri, utamwambia shikamoo naye ataitikia marahaba, na ni sawasawa kabisa, usiache. Ila dakika arobaini baadaye huyohuyo uliyemwamkia atakuwa amekipita kimo mlichopewa kwa futi mia mbili, na kila ulichofundishwa tangu utotoni kitakuambia kwamba mzee ameshaona, kwamba atarekebisha mwenyewe, kwamba si adabu.

Wakufunzi wengine huweka mtego makusudi. Anaacha mwendo ushuke taratibu kuelekea kutua, noti tano, saba, kumi chini ya iliyotakiwa, kisha anarekebisha mwenyewe na kutua kama vile hakuna kitu. Mkishazima injini anageuka.

"Uliona mwendo?"

"Niliona, kapteni."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani umeona."

"Na mimi nilidhani ungesema."

Suluhisho lililobuniwa na watu wa usalama wa anga ni la busara, na linaendana na sisi kuliko wanavyojua: waliondoa hiari. Kitabu cha kampuni kinasema mwendo ukitoka nje ya kiwango fulani, rubani asiyeshika usukani atatamka neno fulani, na anayeshika atajibu neno fulani. Hutoi maoni. Humkosoi mkubwa. Unasoma kilichoandikwa, kama mshereheshaji anavyosoma ratiba hata kama mgeni rasmi amechelewa. Ukitamka mara mbili bila jibu, kitabu hichohicho kinakuamuru uchukue usukani, kwa sababu mtu asiyejibu mara mbili huenda amezimia. Aibu inatoka kwako inahamia kwenye karatasi. Maneno hayo yote ni ya Kiingereza, na hilo nalo lina faida ambayo sijaona ikiandikwa: kwa Kiswahili ungetafuta namna ya kulainisha, ungeanza na "samahani mzee", na ndege ingekuwa imeshashuka futi mia nyingine. Soga za Kiswahili zipo na ni tamu, lakini zina mahali pake. Ndege ikiwa chini ya futi elfu kumi, kupanda au kushuka, hakuna mazungumzo nje ya kazi. Kumbuka Buffalo.

Kuna makapteni wachache ambao wakikatizwa hununa. Utawajua wiki ya kwanza, maana wenzako watakunong'oneza. Sema tu. Ofisi ya usalama ya kampuni inapokea ripoti, nyingine za siri, na mtu wa aina hiyo huwa na faili tayari.

Hali ya hewa ndiyo itakayokutofautisha na wenzako wa jeti. Wao wako futi 37,000 wanalitazama wingu likiwa chini yao. ATR kikomo chake ni futi 25,000, na mara nyingi mko elfu kumi na saba, kumi na nane, yaani katikati ya wingu lenyewe. Kilimanjaro peke yake una mita 5,895, zaidi ya futi 19,000. Usidanganywe na ikweta: kwenye vimo hivyo joto liko chini ya nyuzi sifuri, na utaona barafu ikijijenga kwenye kingo za mabawa huku chini watu wanavuna ndizi. Ziwa Victoria ndilo shule kubwa. Mchana nchi kavu inapata joto na mawingu yanajikusanya pembezoni. Usiku yanahamia juu ya maji, na karibu na alfajiri, hasa Masika na Vuli, ziwa linaweza kuwa ukuta wa radi kuanzia Musoma hadi Bukoba.

Bukoba nimeitaja nikijua uzito wake. Novemba 6, 2022, asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani ikikaribia uwanja huo, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 walikufa 19, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliofika kwanza, na kijana Majaliwa Jackson akajulikana nchi nzima kwa kusaidia kuufungua mlango. Kila rubani wa kanda hii anaijua asubuhi hiyo, na utasikia ikitajwa kwenye kila mafunzo ya kila mwaka.

Unachotakiwa kujifunza mapema ni kuhesabu mafuta kwa dakika. Si kilo: dakika. Tunaweza kuzunguka hapa dakika ngapi kabla hatujalazimika kwenda Mwanza? Jibu hilo liwe kinywani kabla kapteni hajauliza. Kugeuza ndege ni jambo la kawaida. Abiria watalalamika, mmoja atarekodi video, ofisi ya safari itapiga simu kuuliza. Waache.

Usingizi. Ndege ya kwanza inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, unatakiwa uwanjani saa moja kabla, kwa hiyo unaamka saa tisa usiku. Ukikaa Mbagala au Kitengela kwa sababu kodi ni nafuu, fikiria tena. Foleni haijawahi kuwa sababu inayokubalika, na miezi ya mwanzo utakuwa stendibai mara nyingi: umekaa nyumbani umenyoa, sare imepigwa pasi, simu mkononi, huruhusiwi kwenda mbali. Wengine siku nzima haiiti. Wengine inaita ukiwa umetia tonge la kwanza mdomoni. Wapya ndio hupata stendibai, sikukuu na safari za alfajiri, maana rosta hutazama nani alitangulia. Iddi yako ya kwanza au Krismasi yako ya kwanza itakuwa hewani. Kuhusu Ramadhani, uliza mapema kampuni inasemaje, maana baadhi ya mashirika hayataki rubani aliyefunga awe kwenye usukani, na dini imempa msafiri ruhusa yake.

Sheria ina vikomo. Cha kawaida katika nchi nyingi ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28. Sikiliza vizuri: ni saa za kuruka. Kusubiri abiria wa Mwanza waliochelewa haihesabiki humo, ingawa inahesabika kwenye saa za zamu, ambazo nazo zina kikomo chake. Weka hesabu zako mwenyewe. Na siku uliyolala vibaya, sema hukulala. Kampuni yenye akili itakushukuru, isiyo na akili itanuna, na utakuwa umejua uko wapi.

Saa yenyewe itakuchanganya kwa wiki moja. Shughuli za urubani duniani kote hutumia saa ya Zulu, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Wahindi wanajumlisha na kutoa nusu saa, Wamarekani wanabadilisha kila msimu. Sisi tuna bahati ambayo hakuna aliyeipanga: mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu, basi. Saa moja asubuhi ni 0400. Saa sita mchana ni 0900. Saa kumi na moja jioni ni 1400.

Mshahara wa mwanzo utalipa kodi ya nyumba, sehemu ya deni, na si zaidi sana. Posho za safari ndizo hujazia, kwa hiyo mwezi wa stendibai ni mwezi mkavu. Usinunue gari kwa sababu umevaa mistari. Nimeona vijana wenye mkopo wa shule na mkopo wa gari wakikubali zamu walizopaswa kuzikataa, na hapo fedha imeshaingia ndani ya chumba cha marubani.

Kila miezi sita utarudi kwenye simuleta kupimwa. Haijalishi umetua mara ngapi, injini itazimwa tena pale pabaya, na ukifeli utarudishwa mafunzoni. Cheti cha daktari nacho huhuishwa kila mwaka. Ni kazi chache ambazo mtu hufanyiwa mtihani mara nyingi hivi hadi anastaafu, na wengine hawauzoei mtihani huo kamwe. Tumbo linawavuruga wiki nzima kabla.

Saa 1,500 zikitimia, na mitihani ya leseni ya juu ikiwa imepita, mambo mawili hutokea karibu kwa wakati mmoja. Kampuni inaanza kukutazama kama kapteni mtarajiwa, ingawa nafasi itategemea wangapi wako mbele yako, na mashirika ya Ghuba yanaanza kupokea maombi yako kwa uzito. Wengi huondoka, na ni haki yao, mradi bondi imekwisha. Wengine hubaki. Ukiwauliza, hawatoi sababu za kizalendo. Wanasema wanalala nyumbani, watoto wanawajua, na wanapenda kurusha kwa mkono. Rubani wa safari ndefu anaweza kukaa wiki nzima asitue hata mara moja, na sheria inamtaka awe ameruka na kutua walau mara tatu katika siku 90, la sivyo anapelekwa simuleta kutimiza idadi. Wa ATR hutimiza tatu zake kabla ya chakula cha mchana.